Kipele Kwenye Gumba

Kipele chenyewe kilikuwa kidogo, hakikuzidi punje ya ulezi, na Anjelista Ngailo alikikata kwa wembe Jumatatu moja asubuhi, wanafunzi wakiwa bado kwenye chai. Alikitia kwenye kiberiti kitupu, kiberiti akakitia mfukoni. Kisha alilisugua gumba la ile mikono ya mpira mpaka akaridhika kwamba pamekuwa laini. Alijiambia ni kwa wiki saba tu. Watu wazima wenye akili zao wakiamua kudanganya, kwanza hujipangia tarehe ya kuacha.

Mikono ile iliitwa pacha. Ilikuwa miwili, imetokeza kwenye kisanduku cheusi juu ya meza, na ngozi yake ya mpira ilikuwa na joto la mwili wa mtu. Ndani mlikuwa na vijimota zaidi ya sitini. Mwalimu aliyetaka kuwa na pacha alivaa glavu za kupimia kwa miezi mitano akifundisha kama kawaida, na mashine ikajifunza lafudhi ya mikono yake: anapokaza, anapolegeza, anaposita kabla ya neno gumu. Baada ya hapo angeweza kukaa popote, akazungumza kwa kinywa kwenye simu, na pacha akayapeleka maneno yale viganjani mwa mwanafunzi kiziwi asiyeona kwa lafudhi ileile. Mwanafunzi alipojibu kwa vidole, pacha alivisoma vidole vile na kumsomea mwalimu majibu.

Walimu wa lugha ya mguso walikuwa wa kuhesabika nchi nzima. Kabla ya pacha, mwalimu mmoja alimtosha mtoto mmoja, na watoto wengine walibaki nyumbani wamekaa kwenye mikeka, miaka inakatika. Kwa hiyo mashine ilipofika hakuna aliyebisha. Sharti lilikuwa moja, nalo liliandikwa kwenye sheria: kila pacha awe na kipele kwenye gumba la kulia, ili mtoto akigusa ajue anaongea kupitia mashine.

Anjelista aliijua sheria hiyo vizuri. Yeye ndiye aliyewafundisha wanafunzi wa shule ile, huku Njombe kwenye baridi, kukitafuta kipele kabla ya kusema neno lolote.

Mtoto aliyekatiwa kipele aliitwa Osmunda Mlowe, miaka kumi na minne, darasa la saba. Alizaliwa hasikii, na macho yakamwishia akiwa na miaka mitano. Mwalimu wake hakuwa pacha. Alikuwa Mwalimu Longino Mtewele, mzee wa miaka sitini na mbili, mtu wa nyama na mifupa, mwenye viganja vipana na kovu la panga chini ya kidole kidogo cha mkono wa kulia.

Walivyokutana, shule nzima ilijua. Osmunda alipoletwa alipewa mkalimani msichana, wakapendana kama ndugu. Ijumaa moja msichana yule akapata kazi Dodoma, akapanda basi bila kumwambia mtoto, eti asimlize. Osmunda akafunga ngumi. Hakuzifungua kwa miezi minne. Alilishwa, alivishwa, alioshwa, lakini viganja vyake hakumpa mtu, na kwa mtoto kama yule viganja ndiyo masikio, ndiyo macho, ndiyo mdomo. Wengine walianza kunong'ona kwamba arudishwe kwao. Longino hakunong'ona. Kila asubuhi, katika ule ubaridi wa Julai unaouma mpaka kwenye kucha, alichukua kiazi cha moto kutoka jikoni akakiweka juu ya ngumi za mtoto, akakaa naye. Kikipoa anakula mwenyewe. Siku ya kumi na tisa baridi ilishinda ukaidi, na ngumi moja ikafunguka ikashika kiazi.

Tangu hapo shule ikawa na desturi zake, na Longino alizisimamia kwa ukali. Hakuna kuondoka bila kuaga. Kuaga kwenyewe kulikuwa hivi: unagonga jina lako kwenye mkono wa mwenzako, kisha unavikunja vidole vyake taratibu, maana yake maneno yamekwisha. Halafu unaondoka. Sakafu zilitandikwa mbao kwa makusudi, ndara zikapigwa marufuku, na walimu wote walivaa viatu vya soli ngumu, ili mtoto azisikie kwa nyayo zake hatua za anayekuja na anayekwenda.

Halafu mwezi wa saba, miaka minane baadaye, Longino akaanguka bafuni. Kiharusi. Wiki moja hospitali, kisha akarudishwa nyumbani, mkono wa kulia na mguu wa kulia vikiwa havimsikilizi.

"Huu sasa ni mzigo," alimwambia Anjelista alipokwenda kumjulia hali. Aliuinua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauachia ukaanguka kwenye blanketi. Maneno yalimtoka polepole, moja moja.

"Atauzoea, Mwalimu."

"Utauzoea wewe, una macho. Yeye ananijua kwa huu hapa. Nikimpa huu ulivyo, atasema amekuja mtu mwingine, na Longino ameondoka bila kuaga. Atafunga ngumi, Anje. Mtihani wa taifa ni Septemba."

 Anjelista alikuwa na miaka thelathini na moja, na kila alichokijua katika kazi ile alifundishwa na mzee huyu.

"Pacha wangu yupo stoo, tangu mwaka ule nilipovaa glavu," Longino aliendelea. "Mimi nitasema kwenye simu hapahapa kitandani. Maneno ni yangu. Lafudhi ni yangu. Uongo uko wapi?"

"Uko kwenye kipele."

"Basi kitoe."

Ndivyo ilivyokuwa. Anjelista alilivalisha kiti sweta la Longino, lile la rangi ya udongo lenye harufu ya kahawa na dawa ya kuchua, akaiweka mikono ya mpira mbele yake. Kila siku saa nne na nusu Osmunda aliingia akamkuta mwalimu ameshakaa. Aliambiwa Mwalimu aliitwa safari ya ghafla usiku, akaacha salamu za kuaga, na sasa amerudi. Anjelista mwenyewe alivua viatu, akasimama pembeni na soksi, asije akahisiwa. Somo likaenda vizuri ajabu. Hesabu za sehemu ambazo zilikuwa zinamtoa jasho Osmunda sasa alizikokotoa bila kusita. Saa sita pacha aligonga jina la Longino, mara mbili kwenye fundo la kidole cha kati na msuguo mmoja kwenye kifundo cha mkono, akavikunja vidole vya mtoto, akazima. Anjelista alitoka kwa kunyata, akaenda kunywa chai yake. Tena alikuwa anajipongeza, bila aibu.

Wiki ya tatu, Mama Tuse, msafishaji wa madarasa, alimsimamisha kwenye veranda na ndoo yake mkononi.

"Mwalimu, samahani. Kile chumba cha pili kuna mtu anakula viazi mezani."

"Viazi?"

"Viazi vya kuchemsha. Kila siku nakuta nusu kiazi pale juu, sisimizi wamejaa mpaka kwenye hilo lisanduku lenu la mikono. Mimi nimeajiriwa kufagia darasa, sijaajiriwa kufagia jiko. Kama ni walimu, mniambie tu."

"Hakuna mwalimu anayekula mle, Mama Tuse."

"Basi kiazi kinatembea chenyewe."

Siku iliyofuata Anjelista hakwenda kunywa chai. Pacha alipoaga na kuzima, alibaki pale pembeni na soksi zake. Osmunda hakuinuka. Alitulia kwenye kiti, nyayo zimebanwa sakafuni, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesubiri kuitwa. Dakika tano, kumi. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa sketi, akatoa nusu ya kiazi cha chai ya saa nne, akakiweka mezani upande wa mwalimu na kukisogeza kwa kidole kimoja, kwa adabu. Halafu akaanza kuongea. Mikono yake ilicheza hewani mbele ya lile sweta, taratibu, bila mtu wa kuipokea.

Anjelista alizisoma alama zile kwa macho. Mtoto alikuwa anasimulia habari za bwenini, nani kagombana na nani. Kisha akasema: "Kama miguu inauma, pumzika tu. Mimi nipo. Nitakaa mpaka utakapoweza kuondoka."

Hapo ndipo Anjelista alipoielewa kazi ya mikono yake mwenyewe. Alikuwa amekumbuka joto la ngozi, harufu ya sweta, hata kovu chini ya kidole kidogo. Mtu anayeona na kusikia hukumbuka vitu vya namna hiyo. Hakukumbuka hatua. Kwa wiki tatu Mwalimu Longino alikuwa anaaga na haondoki, na Osmunda, aliyelelewa kuamini kwamba mtu hamwachi mwenzake hivihivi, alikuwa anabaki kumsindikiza. Chakula cha mchana kilikuwa kinampita kila siku. Jikoni walidhani anajisomea kwa ajili ya mtihani.

Dawa ya haraka ilikuwepo, na hilo ndilo lililomtesa. Stoo kulikuwa na kitetemeshi, ubao wa chuma uliokuwa ukifungwa chini ya sakafu wakati wa mazoezi ya moto ili watoto wahisi hatari. Kilikubali kupangiwa mtetemo wowote. Alasiri ile Anjelista alikifunga chini ya mbao za chumba cha pili, akakipangia hatua za mwanamume mzito mwenye viatu vya ngozi, kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni. Ilimchukua dakika kumi na tano. Kisha akavua soksi, akasimama peku katikati ya chumba na kubonyeza.

Mtu akatembea. Alianzia kwenye kiti, akapita karibu kabisa na vidole vya miguu yake, akaenda zake mlangoni. Chumbani hapakuwa na mtu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya wembe Anjelista aliogopa. Alikiogopa kile alichokuwa anaweza kumfanyia mtoto yule bila mtoto kujua. Angeweza kumjengea dunia nzima ya watu wasiokuwepo. Akazima, akavaa viatu, akaenda moja kwa moja kwa Longino.

Mzee alimsikiliza. Anjelista alipofika kwenye kiazi, mzee akamkatiza.

"Aliniwekea kiazi?"

"Kila siku, Mwalimu."

Longino akageuza uso ukutani. Alilia bila kujificha, kwa upande mmoja wa uso, maana upande wa pili ulikuwa umelala. 

"Weka hizo hatua," alisema baadaye. "Zimebaki wiki nne."

"Leo hatua. Kesho ataomba akushike bega, nitaleta nini?"

"Ukimwambia utakuwa umeniua, Anje. Mimi sina kingine. Nilikuwa mikono tu."

"Kila anachokijua kuhusu dunia hii anakijua kwa sababu kuna mtu ameamua kumwambia," alisema Anjelista, ambaye hakuwahi kumpinga mzee huyu hata mara moja. "Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Nitamwambia kesho. Nimekuja kukuaga kwanza, ndiyo desturi yetu."

Longino hakumwangalia akitoka.

Kesho yake Anjelista aliingia chumba cha pili na viatu vyake, akitembea kwa kishindo. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilimpa moyo. Aliketi mbele ya Osmunda, akagonga jina lake, akafungua kiberiti na kukiweka kile kipele katikati ya kiganja cha mtoto. Osmunda alikigeuza kwa ncha ya kidole. Alikijua mara moja. Wanafunzi wote wa shule ile walikijua.

"Kimetoka wapi?" aliuliza.

"Kwenye gumba ulilokuwa unalishika wiki tatu hizi. Nilikikata mimi." Alimwambia yote: kuanguka bafuni, mkono uliolala, simu kitandani, sweta, soksi. Alimwambia maneno yote yalikuwa ya Mwalimu mwenyewe, na hofu yake ilikuwa nini. Hakujitetea, ingawa alitamani sana.

 Vidole vya Osmunda vikakunjika, kimoja baada ya kingine, kipele kikiwa ndani. Mkono wa pili ukafuata. Akaziweka ngumi zote mbili juu ya meza kama mtu anayefunga duka.

Siku tatu hazikufunguka. Anjelista alikaa mbele yake kila saa ya somo, akigonga jina lake juu ya mifupa ile migumu, akiaga, akiondoka kwa kishindo. Hakuweka kiazi. Aliona hicho si chake kukitumia. Usingizi ulimpaa, na alianza kujiuliza kama ukweli aliousema ulikuwa wa faida ya mtoto au wa kujisafisha moyo wake. Jioni ya siku ya tatu alimpigia Longino simu, akamwambia ngumi zimefungwa. Upande wa pili simu ikakatwa.

Siku ya nne, katikati ya somo, mbao zilitetemeka. Ulikuja mshindo wa kiatu, kisha pigo kavu la fimbo, kisha mkwaruzo mrefu wa kiatu kinachoburutwa. Osmunda aliinua kichwa. Hatua hizo hakuwahi kukutana nazo.

Longino alisimama mlangoni akihema, kamba za viatu vyake zimefungwa na mtu mwingine. Anjelista alimpisha kiti. Mzee alikaa, akainyoosha mikono yake juu ya meza, na kwa mkono wa kushoto akagonga jina lake kwenye ngumi ya mtoto. Lilitoka vibaya. Lilitokea upande usio wake, mapigo hayakulingana, msuguo ukapotea kwenye kidole gumba. Ngumi haikufunguka. Akarudia, na mara ya tatu ikawa mbaya kuliko ya kwanza.

Basi akaacha. Akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauinua, akaulaza juu ya ngumi ile na uzito wake wote. Hakusema nao neno, kwa sababu haukuwa na uwezo wa kusema. Aliuacha tu hapo.

 Ngumi ya Osmunda ikageuka chini ya mkono ule, ikafunguka, na kipele kikaanguka mezani. Alianza kuupapasa mkono wa mzee, fundo kwa fundo. Akalipata kovu chini ya kidole kidogo, akapita. Akafika kwenye gumba. Hapo alitafuta kwa makini, juu, chini, pembeni ya ukucha, kama alivyofundishwa. Hapakuwa na kipele wala mahali kilipokatwa. Palikuwa na ngozi ya mzee, kavu, yenye mikunjo, na ubaridi wa Njombe.

"Umelegea," alisema, akiandika kwenye kiganja cha kushoto.

"Ndiyo," Longino alijibu kwa shida.

"Ulidhani nitakufukuza?"

"Ndiyo."

"Na jina lako unalikosea."

"Ndiyo. Nifundishe."

Osmunda alivichukua vidole vya mkono wa kushoto vya mwalimu wake, akavipanga kimoja kimoja, akavigongesha mara mbili kwenye fundo la kidole chake cha kati, akaviburuta polepole kwenye kifundo cha mkono. Akakataa kwa kichwa. Akavirudisha mwanzo. Walilirudia jina lile mara nyingi, na Longino alicheka alipokosea mara ya sita, sauti mbovu ya upande mmoja, na Osmunda aliyekuwa ameushika mkono wake akauhisi ule mcheko, naye akacheka. Anjelista alisimama pale pale akalia, wala hakutafuta leso.

Walijaribu hesabu. Sehemu moja tu ilimaliza nusu saa, Longino akiandika tarakimu zinazoyumba. Osmunda akamzuia mkono.

"Hesabu nitafanya na pacha," alisema. "Sasa hivi anakushinda. Wewe njoo kwa mengine." Kisha akamgeukia Anjelista, pale alipojua amesimama, akanyoosha kiganja. "Mwalimu, nipe gundi."

Alikibandika kipele mwenyewe kwenye gumba la mpira. Kilikaa upande, kidogo kushoto kuliko sheria inavyotaka, na hakuna aliyemsahihisha. Alikibonyeza mpaka gundi ikashika. Lile sweta alilivua kwenye kiti, akalinusa, akamrudishia mwenyewe.

Ilipofika saa sita Osmunda aliingiza mkono mfukoni akatoa nusu ya kiazi. Kumbe siku zote tatu za ngumi alikuwa bado anakibeba, akikitia mfukoni kwa kukibana kati ya ngumi mbili. Akakiweka kwenye kiganja cha kulia cha Longino, kile kilicholala, akavikunja vidole vyake juu ya kiazi na kuvishikilia kwa mikono yake miwili mpaka vikatulia.

Longino aligonga jina lake. Lilikuwa bado na kasoro, ila lilikuwa jina. Akavikunja vidole vya mtoto, akaishika fimbo, akainuka. Mshindo, fimbo, mkwaruzo. Osmunda alivua viatu na kuzibana nyayo zake kwenye mbao. Alizifuata hatua zile mpaka mlangoni, mpaka kwenye veranda, mpaka pale mbao zinapokwisha na udongo kuanza, na hata hapo akasubiri kidogo, kuhakikisha.

Kisha akavaa viatu vyake, akaenda kula.